Ndege Yako, Ndege Yangu

Nilifika kazini asubuhi nikakuta mtu amekaa kwenye kiti changu.

Nasema kile kiti cha rubani msaidizi, ndani ya ndege ndogo niliyoirusha jana yake.

Kijana mgeni, shati jeupe kama langu. Akaniangalia kwa aibu.

"Samahani dada. Wakala kaniambia nije hapa."

"Kwa muda gani?"

"Hata mimi sijaambiwa."

Macho yake mekundu. Alisema usiku alilala kwenye benchi la abiria pale uwanjani. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamwachia chai yangu, nikashuka ngazi kimya kimya.

Ndivyo nilivyo. Nikikanyagwa, naomba radhi mimi.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kampuni ilitaka ndege ndogo zote zirushwe na marubani wa kukodi kutoka kwa wakala. Sisi vijana tunaozirusha tupigwe chini. Makapteni wa ndege kubwa wabaki, tena wanone.

Chama chetu cha marubani kilikuwa kimevutana na kampuni wiki nyingi. Upande wetu uliongozwa na kapteni mzee tunayemwita Babu Breki, maana akitua, hata mtoto aliyelala haamki. Mimi niliwakilisha vijana. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwasogezea wenzangu maji.

Mchana huo chumba cha mkutano kilikuwa na joto, feni inazunguka kama imelazimishwa. Tumechoka mpaka utani umekauka.

Meneja akasukuma mkataba mezani.

"Mzee wangu, weka sahihi twende nyumbani. Wewe na wenzako mmelindwa. Hawa watoto watapata kazi kwingine."

Babu Breki akashika kalamu. Akausoma mkataba. Akausoma tena.

Nikajiambia moyoni, mama wee, nimekwisha.

Kisha akaisogeza kalamu mbele yangu, bila kuiachia.

"Nimechoka," akasema. "Ndege yako."

Upande wetu wote ukageuka kunitazama. Kwetu maneno hayo si mchezo. Rubani akiona hafai kuendelea, humkabidhi mwenzake usukani hivyo, na haachii mpaka mwenzake aitikie.

Akanisubiri.

"Ndege yangu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi.

Akaiachia.

Meneja akacheka. "Binti, unajua unachofanya?"

"Sijui sana, bosi. Ila naomba tuongeze kifungu kimoja." Macho mekundu ya yule kijana yalikuwa hayajanitoka akilini. "Wakodini mnaowataka. Lakini yeyote atakayekaa kwenye viti vyetu apewe mkataba kama wetu. Mshahara ule ule, mapumziko yale yale."

"Sasa hapo kuna faida gani ya kuwakodi?"

Nikausogeza mkataba upande wake, kalamu juu yake.

Hatukusaini siku hiyo. Zikafuata wiki nyingine za kuvutana, na makapteni wa ndege kubwa wakagoma kusaini bila sisi. Mwishowe kifungu kikaingia, wakala akafungasha virago. Lakini rafiki zangu wawili walishachoka kungoja, wakaenda zao. Yule kijana aliajiriwa. Siku hizi tunapokezana kiti, na chai yangu hajanirudishia.

Siku Babu Breki anastaafu, nilimsaidia kubeba begi hadi kwenye gari.

"Asante kwa kuniamini siku ile, Babu. Ulikuwa umechoka sana."

Akaegemea mlango wa gari.

"Sikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nataka kusaini."

Nikasimama na begi lake mkononi.

"Nilibakiza muda mfupi nistaafu. Nikaiona nyumba yangu, nikauona mpaka mto wa kulalia. Kalamu ilikuwa inakwenda yenyewe. Hapo nikajua sifai. Rubani mwenye hamu kubwa ya kufika nyumbani ndiye anayeingia kwenye wingu la dhoruba huku analiona."

Akachukua begi lake mkononi mwangu. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee kweli.

Wapo watu wema kwa sababu hawajawahi kutamani. Hao sina habari nao. Mimi namwamini anayetamani kama sisi wote, akajijua, akaachia usukani mapema.

Na wewe ukikabidhiwa, hata kama sauti yako ni uzi, itikia. Kuna mtu ameshikilia, anakusubiri.