Shoka Lililolala Kwenye Ndoo

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akimwona shangazi yangu anaingia, hushusha pumzi. Si kwamba hampendi. Anajua tu kwamba asubuhi yake imekwisha. Shangazi hanunui shoka kama watu wengine, wanaoingia, wakauliza bei, wakatoka. Yeye huyashusha yote kutoka ukutani na kuyapanga juu ya meza. Akiona mpini umepakwa rangi, anaurudisha bila neno, kwa sababu anaamini rangi kazi yake ni kuficha kifundo. Usiopakwa rangi anaunyanyua mpaka usawa wa jicho, anafumba jicho la pili na kutazama nyuzi za mti zinavyokwenda. Zikifuata urefu wa mpini mpaka mwisho, sawa. Zikikatiza kuelekea ubavuni, mpini huo utavunjika, na linalobaki kujulikana ni siku tu. Kisha anachungulia tundu la chuma, aone mpini ulivyojaa ndani na kabari ilivyopigwa juu yake.

Siku ninayoisimulia mwenye duka alimpa shoka jembamba lenye makali ya kung'aa, akamwambia hilo ndilo zuri kuliko yote. Shangazi akamrudishia.

"Hilo la kukatia," akamwambia. "Ukilipasulia gogo litanasa, mtashinda mnavutana. La kupasulia liwe nene mashavuni, liutanue mti. Wala silitaki la kunyolea ndevu."

Mwenye duka akajibu kwamba yeye anauza na misumari pia, na misumari haijawahi kumsumbua hivyo. Mimi nilicheka. Shangazi hakucheka, na nilijua sababu. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kununua shoka lenye mpini wa dukani. Baada ya kuikagua na kuikataa mipini yote, alikuwa akinunua chuma kitupu, na mpini anachonga baba yangu, ambaye ni kaka yake. Sasa baba alikuwa amelala nyumbani, kifua kinambana na mikono inamtetemeka hata kikombe hakishiki vizuri.

Alichagua moja hatimaye. Njiani alilibeba mbali kidogo na mwili, kama mtoto wa watu.

Shangazi anapasua kuni za tanuri la bekari. Watu wanamwita Mama Kuni ingawa hajazaa, na waliomwita hivyo kwanza walikuwa wanamtania, maana kazi ile ilikuwa ya wanaume. Siku hizi hawatanii. Mara mbili kwa wiki lori huingia ua wa nyuma na kumwaga magogo, na jioni yake magogo yote yamekuwa kuni zilizopangwa ukutani, kisogo kwa kisogo, hakuna ulioinama. Nimemtazama sana. Halivamii gogo. Analizunguka kwanza, anatafuta ufa, maana kila gogo lililokauka huwa na ufa linaouonyesha lenyewe. Likiwa kubwa hapigi katikati, anaanza pembeni, anamega kandokando mpaka libaki la saizi yake. Kifundo anakielekeza chini. Miguu anaipanua, na hapasulii chini kwenye udongo hata siku moja. Huliweka gogo juu ya kisiki kinachofika magotini, ili shoka likikosa, liishie kwenye kisiki na si kwenye mguu wa mtu.

Hayo ya mguu hatuyasemi kwa mzaha nyumbani kwetu.

Kazi ya bekari ilikuwa ya baba. Mama yetu alikuwa amefariki akimzaa mdogo wetu wa mwisho, na shangazi, akiwa bado msichana wa miaka ishirini na miwili, alikuja kutulea. Alikusudia kukaa miezi michache tu. Tulikuwa watatu, mimi mkubwa nikiwa na miaka minane. Ndipo siku moja shoka la baba likamgeuka. Chuma kilizunguka kwenye mpini wakati anapiga, kikateleza ubavuni mwa gogo na kuingia kwenye muundi wake. Kidonda kikaoza, na hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Majirani walisema yanayosemwa siku zote, ajali haina kinga. Wiki ya tatu shangazi alilitwaa shoka, akaenda bekari na kumwambia mwenye bekari kwamba kuanzia leo ni yeye. Mikono ilimchubuka mpaka akawa anatulisha kwa kijiko kilichofungwa kitambaa. Baba, alipopata nguvu, akaanza kuchonga mipini akiwa amekaa mlangoni. Akimaliza kulipiga shoka kabari, humkabidhi shangazi na kuuliza neno moja tu: "Umelishika?" Shangazi alilazimika kulishika, kulitikisa, kulizungusha, kisha ajibu, "Nimelishika." Mimi nilidhani ni desturi ya mafundi.

Watu walimsifu shangazi mpaka ikachosha. Kwenye kila harusi na kila msiba kulikuwa na mama mmoja wa kumshika mkono na kusema dada kama huyu hapatikani tena. Niliona jinsi anavyouvuta mkono wake taratibu. Nilidhani ni aibu. Dereva wa lori la magogo alikuja mara mbili kumposa, mtu mpole, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, ambaye alikuwa akishusha magogo polepole kuliko ilivyohitajika. Mara zote mbili shangazi alimwambia hapana. Mara ya pili nilimsikia akisema, "Nani atapasua?" Dereva alioa kwingine, naye shangazi akaendelea kupasua.

Lile shoka la dukani halikumaliza wiki mbili. Mti wa mpini ulikuwa mbichi, ukasinyaa, chuma kikaanza kucheza. Shangazi alirudi nalo jioni, akaliegemeza ukutani na kwenda kumgeuza baba kitandani. Mimi ni fundi cherehani, nashonea pale pale nyumbani, na nilitaka kumsaidia. Nilichota maji ndoo tele, nikaliingiza shoka kichwa chini. Ndivyo watu wanavyofanya. Mti ukinywa maji unavimba, chuma kinakaza, kazi inaendelea.

Shangazi alipotoka uani na kuliona, aliipiga ndoo teke, maji yakafika mpaka kwenye cherehani yangu.

"Nani amekufundisha hivi?"

Nilimwambia kwa ukali, maana nami si mpole, kwamba hakuna aliyenifundisha, kila mtu anajua, shoka likilala kwenye ndoo linaamka limekaza.

"Linakaza," akasema. "Linakaza mpaka saa tano."

Alikaa kwenye kisiki cha uani, akaanza kunieleza huku anatazama yale maji. Maji huuvimbisha mti, nyuzi zikabanana ndani ya tundu la chuma hata zikavunjikavunjika. Jua likiwaka mti unakauka, na safari hii unasinyaa kuliko mwanzo. Anayelishika asubuhi anadanganyika. Saa tano mchana chuma kimelegea na mshikaji hana habari. Kisha akanieleza lililobaki. Jioni ya kuamkia siku ile ya ajali, baba alimpa shoka alipeleke kwa seremala likapigwe kabari mpya. Shangazi alipitia kwa rafiki yake, wakasukana nywele, wakaongea. Alipofika kwa seremala pamefungwa. Aliona aibu kurudi na kusema hivyo. Akalilaza kwenye ndoo, asubuhi akalifuta kwa khanga, akampa baba na kumwambia tayari.

Nikasema la hovyo. Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki, mzee anaumwa, amwache apumzike. Akanigeukia.

"Wewe umewahi kusifiwa kwa kitu ulichokiharibu mwenyewe?" akauliza. "Miaka kumi na tisa?"

Akasimama, akaingia ndani kwa baba. Nilimfuata na chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Chumba cha baba ni kidogo, kina kitanda, kiti na boksi la vifaa vyake vya kuchongea. Shangazi alikaa mwisho wa kitanda, upande ambao mguu haupo, kwa sababu ndipo penye nafasi. Hakuzunguka.

"Kaka, lile shoka sikulipeleka kwa seremala. Nililitia kwenye ndoo."

Baba aligeuza uso ukutani. Kisha akasema, "Najua."

"Nilijua nilipolishika tu," baba akaendelea. "Mpini uliolowa una baridi yake. Nilisema nikifika nitalipiga kabari mwenyewe. Nikafika, magogo yameshashushwa, nikasema nimalize moja kwanza. Nikamaliza moja. Nikasema na la pili."

Alikohoa, na shangazi, kwa mazoea, akamwinua bega. Nilikuwa bado nimeshika sinia. Haraka haraka haina baraka, yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha tangu tukiwa wadogo, na sasa nilijua aliipata wapi.

Shangazi akamuuliza kama alijua kwamba yeye anajilaumu. Baba akasema alijua. Akasema kule hospitali alikuwa akingoja shangazi aseme lake, na yeye aseme lake, yaishe. Shangazi hakusema. Kisha akamwona amelitwaa shoka, watoto wanakula, wanakwenda shule, na hofu ikamwingia. Mzigo ule ndio uliokuwa unamshikilia pale. Angeutua, angekwenda zake, kama ilivyokuwa haki yake, na yeye angebaki na mguu mmoja na watoto watatu. Kila mwaka alisema atamwambia mwaka ujao. Alipochoka kujidanganya, akaanza kumuuliza lile swali lake kila anapompa shoka. Hakuwa na ujasiri wa kusema zaidi ya hapo.

Shangazi alisikiliza yote. Mikono yake ilikuwa mapajani, ile mikono migumu kama ngozi ya kiatu, na kwa mara ya kwanza niliiona imekaa tu.

"Hata dereva alipokuja?" akauliza.

Baba alifumba macho. "Hata alipokuja."

Shangazi akatoka. Nami nitasema kweli, nilimchukia baba yangu jioni ile. Nilimchukia huku nampangusa mdomo na kumfunika shuka, na alijua, kwa sababu hakunitazama. Nilikuwa nimekula ule mkate wa bekari tangu utotoni, nikasoma, nikanunuliwa cherehani, na kila tonge lilipita kwenye ndoo ile. Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kwetu hakuna aliyesahau. Mmoja alisema tu ajali, mwingine akaitikia ajali, wakakaa nyumba moja.

Asubuhi yake shangazi hakwenda bekari. Haikuwahi kutokea. Mwokaji alimtuma mtu kuuliza kama kuna msiba, nikamjibu bado sijui. Shangazi alifua nguo zake zote, akazianika, akakaa chumbani mlango umefungwa. Niliziangalia zile nguo kwenye kamba na nikaogopa kwamba zikikauka atazikunja na kuzitia kwenye begi. Sikuwa na neno la kumzuia, na sidhani ningestahili kuwa nalo.

Siku ya pili alitoka amezikunja. Aliziweka kitini, kisha akaokota lile shoka pale lilipoanguka kwenye maji, akalitazama, akaung'oa mpini wake wa dukani kwenye chuma na kuutupa jikoni. Kwenye boksi la baba mlikuwa na mpini mmoja alioumaliza kabla mikono haijamshinda. Akauchomeka. Akachukua kipande cha mti mgumu mkavu na kisu, akaingia, akaviweka kifuani kwa baba.

"Chonga kabari," akasema.

Nikamwambia hawezi. Akaninyamazisha kwa mkono. Nilimwinua baba kwa mito miwili. Kabari ambayo zamani ilimchukua muda wa kunywa chai, ilimchukua kutwa. Kisu kiliteleza, kipande kikaanguka mara sijui ngapi, na kila kilipoanguka shangazi alikiokota na kumrudishia, hakumsaidia zaidi ya hapo wala hakumharakisha. Kufika alasiri machozi yalikuwa yanamshuka baba na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Shangazi alikuwa amekaa kitini, amezipakata zile nguo zilizokunjwa, anangoja.

Kabari ilipokuwa tayari, shangazi aliigongomea mwenyewe kwa nyundo, pale pale sakafuni. Nilingoja baba aulize swali lake. Alifungua mdomo, akaufunga. Shangazi akalilaza shoka mikononi mwake, mikono yote miwili ikitetemeka juu ya mpini.

"Leo lishike wewe," akamwambia. "Uniambie kama limekaza."

Baba alilishika. Alipitisha kidole kwenye tundu, juu, kisha chini. Alikusanya nguvu alizokuwa nazo akalitikisa, akasikiliza.

"Uniambie kweli, kaka."

"Limekaza," baba akasema. "Kweli, mdogo wangu. Limekaza."

Shangazi akalichukua. Nguo zake akanipa nizirudishe kabatini, akafunga kiuno, akatoka kwenda kupasua, maana lori lilikuwa limeshaingia.