Nitrate Ilikuwa ya Basoprano

Mwalimu wetu wa chimie, ni kusema kemia, hapa Butembo, alikuwa pia mukubwa wa korali ya kanisa, na kichwani mwake kila kitu cha dunia kilikuwa wimbo. Juu ya nini oksijeni inashikamana na azoti, ile naitrojeni, na kutembea pamoja kama ioni moja, hakutufasiria hata siku moja. Ukiinua mukono, alisema: "Hapana uliza, imba!"

Aligawanya darasa kwa sauti. Basoprano balipewa kuimba nitrate, baalto carbonate, batenor phosphate, na sisi wa basi, sauti nzito ya chini, sulfate. Tulinguruma kama ng'ombe. Inspekta alipofika toka Beni, alipiga makofi, akasema hajaona chimie ya namna hii. Na kweli, hakuwa ameona chimie.

Kisha egzame ikafika: andika jina la NaNO3. Sisi wa basi tulitazamana, maana hiyo haikuwa yetu. Basoprano balianza kuimba polepole tangu mwanzo, ili bafike kwa nitrate. Msimamizi akabanyamazisha. Tulianguka darasa nzima.

Mwalimu alifikiri sana juu ya aibu ile. Mwaka uliofuata, akaongeza ngoma.