Nyasi za Mama na Mlango wa Kaka

Kaka yangu alimwekea mama mlango wa mota kule Muleba, wa kioo, unaoteleza, kwa sababu magoti ya mama hayawezi tena kushindana na mlango wa mninga. Nia njema, sikatai. Ila kaka akishatoa pesa zake, hashauriki. Mlango wa nyuma akauziba kwa matofali, eti usalama.

Mota haina macho. Inajua pa kusimama kwa swichi mbili tu, moja kila mwisho: mlango ukigusa kijimkono cha swichi, mota inazima. Fundi wa kaka alizifunga chini kabisa, zisiharibu sura ya nyumba. Kwenye sakafu ya mama! Sakafu ambayo tangu nizaliwe sijaiona bila nyasi zilizotandazwa, kwa desturi yetu ya kupokea wageni.

Jumamosi moja nilifika kutoka Bukoba nikamkuta mama amefungiwa ndani, ananisemesha kupitia nondo za dirisha. Nyasi zilikuwa zimekandamiza swichi ya upande wa kufunguka, na hata mama alipoziondoa, kijimkono kilibaki kimekwama; mota ikadhani mlango umeshafunguka, ikagoma. Nikampigia kaka. Ufunguo wa kuachia mota kwa mkono ulikuwa Dar es Salaam, kwenye droo yake.

"Mwambie aache hizo nyasi," akasema.

Nilikata simu kwa hasira. Je, jiko lingeshika moto, mama angetokea wapi?

"Waitu, mwanangu, mgeni aingie akikanyaga saruji tupu?" mama akaniuliza, akipokea ndizi nilizompitishia dirishani. Mtu amefungiwa kama kuku, bado anawaza wageni.

Jioni fundi niliyemwita kutoka Bukoba akafungua skrubu, akautoa mlango kwenye mota bila ufunguo. Nikamwambia nyasi zinabaki, swichi ndizo zihame. Akazipandisha usawa wa bega, akazifunika, kisha akaongeza ukingo wa mpira ili mlango ukimgusa mtu urudi nyuma. Mlango wa nyuma tukauzibua.

Krismasi kaka akaja. Alisimama barazani na begi lake, akaamkia, halafu macho yakashuka sakafuni.

"Mae, mama, bado tu mnatandaza takataka hizi?"

 Mama alibonyeza rimoti. Mlango ukateleza taratibu, ukajifunga mbele ya kaka, ukagusa swichi, ukasimama palepale ulipotakiwa. Mama akamtazama mwanawe kupitia kioo, kisha akaninyooshea kikombe chake nimmiminie chai.