Vigelegele Juu ya Saruji

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, jua limeshapanda, mie nimekaa juu ya godoro nyuma ya pikapu, ngoma mapajani, naimba nyimbo za harusi mpaka koo linakauka. Na chini ya godoro hilo harusi hakuna. Kuna mifuko ya saruji.

Subiri nikueleze vizuri, maana nikianza kucheka sitamaliza.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Rehema kaja hapa Tegeta na kirikuu yake, ile pikapu ndogo, ya bluu, inang'aa kama imepakwa mafuta. Kapiga honi mlangoni, majirani wote nje. Nikaizunguka, nikaipapasa kama ng'ombe wa mahari. Nikaona namba yake ya njano, ya gari la binafsi. Nikamuuliza, si umesema unataka kubebea watu mizigo wakulipe? Kasema ndiyo Bibi, ila namba nyeupe ya biashara ina mambo mengi, kodi yake, leseni yake, ukaguzi wake. Trafiki akinisimamisha nasema nimebeba vitu vya shangazi.

Vitu vya shangazi! Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia khanga. Halafu nikaweka kikombe chini, maana huyo shangazi mie namjua. Mie ndiye niliyemtunga, kabla hata mama yake Rehema hajazaliwa.

Tegeta ya wakati huo, mwanangu, usiione hivi ilivyo na maghorofa na foleni. Ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo, nyumba mojamoja. Babu yenu Salum, Mungu amlaze pema, alikuwa na pikapu kuukuu, mlango wa upande wangu unafungwa kwa kamba. Enzi hizo mie habari ya rangi za namba sina. Nilichojua ni kile kikaratasi cha kodi ya barabara kwenye kioo cha mbele. Cha gari la binafsi kilikuwa nafuu, cha gari la biashara kinauma. Sie tukalipa cha binafsi, tukafanya kazi ya biashara. Leo saruji kutoka kiwandani Wazo, kesho matenga ya samaki kutoka Kunduchi, keshokutwa mtu anahama na kuku wake.

Salum alikuwa muoga wa uongo. Akisimamishwa na trafiki anaanza kutoka jasho, ulimi mzito, mara anasema mzigo wake, mara wa jirani. Mie ndo nilikuwa na mdomo. Darasa la nne niliishia, lakini akili ya ujanja haifundishwi shule. Nikamwambia, mume wangu, gari gani halisimamishwi? Gari la harusi.

Maana kwetu unajua ilivyo. Bibi harusi haingii nyumba ya mume hivihivi. Vyombo vyake vinatangulia, masufuria, mbuzi ya kukunia nazi, kitanda, kabati, na wanawake wanapanda juu yake wanapiga ngoma na vigelegele, njia nzima watu wajue fulani anaolewa. Hayo si mambo ya biashara, ni ya familia. Trafiki gani atasimamisha vigelegele?

Basi tukapanga saruji chini, mkeka juu, godoro juu ya mkeka, masufuria yangu mwenyewe ya jikoni pembeni, na mie na mashoga zangu wawili, Mwanaisha na Mama Tatu, juu kabisa tumejifunga khanga mpya. Pale njia panda alikuwa anasimama trafiki mmoja kijana, mrefu mwembamba, mtu wa bara, mpole. Alituona, akacheka, akatupungia mkono tupite. Mwanangu, tulivyopita hapo tulikaribia kuanguka kwa kucheka.

Ikawa ndo kazi. Wiki moja tunaoza binti mara tatu. Yule trafiki akaanza kuniita Mama Harusi. Nami namwitikia kwa kigelegele kirefu, anafurahi. Tegeta hapo kulikuwa na mzee mwenye duka, Mzee Nassoro, watu wa asili ya Kiarabu, wamekaa hapo tangu babu zao. Yeye pikapu yake ameilipia kodi ya biashara, jina lake limeandikwa mlangoni kwa rangi nyekundu. Sie tulikuwa tunamcheka. Salum alimwita Mzee wa Serikali. Mzee anasikia, anaendelea kupima sukari yake.

Basi ile Alhamisi niliyokwambia tukapeleka saruji Kunduchi, tukashusha, tukala samaki wa kukaanga, tukarudi. Vizuri kabisa.

Jumamosi yake ikawa harusi kweli.

Harusi ya nani? Ya mdogo wangu Zuhura, wa tumbo moja, wa mwisho kwa mama. Anaolewa hukohuko Kunduchi. Mama yetu alikuwa ananunua sufuria mojamoja tangu Zuhura anaota meno, anazifunga kwenye khanga, anazificha chini ya kitanda. Ukigusa, unapigwa. Siku hiyo tukazitoa zote, na kitanda na godoro lake. Mama akazipakia kwenye pikapu kwa mkono wake, moja moja, kama anapakia mayai. Akaniambia vifike kabla ya alasiri, maana mashangazi wa bwana harusi wanakuja kutandika chumba, na wakikuta kitupu mwanangu atasemwa mpaka uzeeni. Nikamwambia mama, kwa kazi hii unanijua.

Tukapanda juu, sie watatu walewale, tukaanza. Siku hiyo niliimba kwa roho yangu yote, si ya kuigiza. Tukafika njia panda. Nikamuona rafiki yangu trafiki, nikampigia kigelegele kuliko siku zote.

Akanyoosha mkono. Simama.

Akaja taratibu, akaegemea ubavu wa gari, akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo ndo liliniogopesha.

"Mama Harusi, shikamoo."

"Marahaba, afande."

"Leo anaolewa nani?"

"Zuhura, afande. Mdogo wangu, tumbo moja."

"Na yule wa juzi alikuwa nani? Maana juzi sikuwa kazini. Nilikwenda Kunduchi kununua samaki. Nikaiona harusi yenu inashusha saruji."

Mwanangu, nilihisi ngoma imekuwa nzito kama jiwe. Mwanaisha akashusha khanga usoni. Salum mbele huko kashika usukani na mikono miwili utadhani gari linakwenda.

Nikaapa. Nikamfunulia godoro, akaona hakuna mfuko, masufuria matupu. Nikamwambia mama anangoja, Zuhura kakaa na hina mikononi. Naye akasema, Mama Harusi, hata juzi ungeapa hivihivi, nami ningekuamini hivihivi. Gari linabaki hapa mpaka mlipe kodi ya kazi mnayoifanya, na faini yake.

Angalia sasa ilivyokuwa. Siku ile ndiyo tulikuwa na haki. Vitu vya familia kwenye gari la binafsi, hatujalipwa hata senti, hakuna kosa. Siku ya haki yetu ndo tukakosa wa kutuamini. Nililia pale barabarani, mtu mzima na wanja wangu. Jua linasogea. Watu wanapita wanauliza kuna nini, Mama Tatu anawaambia gari limeharibika.

Ndo akatokea Mzee Nassoro na pikapu yake, anatoka kuchukua mchele. Akasimama. Akashuka. Akasalimiana na trafiki, wakaongea kidogo pembeni. Hakuuliza ya kwetu, alishayajua yote, nadhani Tegeta nzima ilijua. Akasogeza magunia yake, akaanza kuhamisha sufuria za mama, yeye mwenyewe, na ule umri wake. Nikaenda kumpokea, nikamwambia baba, nitakulipa nini.

Akanikabidhi sufuria mkononi, akasema pole pole, wengine wasisikie:

"Mwanangu, mimi sina haja ya malipo. Lakini umeuza vigelegele vya mdogo wako. Umewauzia wenye saruji. Leo ulivihitaji, umekuta havipo."

Akageuka kuchukua sufuria nyingine.

Mpaka leo maneno hayo ninayo. Kama angenitukana ningesahau.

Tukapanda kwenye gari lake, juu ya magunia ya mchele na vyombo. Salum akabaki na trafiki. Gari likaondoka, na hakuna aliyefungua mdomo. Ngoma ninayo, siipigi. Nikitaka kuimba naona uso wa yule kijana. Tunakata njia ya Kunduchi kimya, wanawake watatu na kitanda. Mama mmoja kando ya barabara akatuuliza, poleni, msiba wa nani?

Hapo ndo nilijua nimemfanyia nini Zuhura. Vyombo vyake vinaingia kwa mume kama vya marehemu.

Tulipokaribia nyumba ya bwana harusi, mwanangu, nikasikia sauti ya ajabu kule mbele kwa dereva. Mzee Nassoro anaimba. Mzee wa watu, kofia kichwani, mtu ambaye dukani hata kucheka hacheki, anaimba nyimbo za wanawake, maneno nusu anayajua nusu anabuni, sauti kama mlango wa bati. Na honi anapiga! Mwanaisha akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe kicheko. Mama Tatu akashindwa kujizuia. Kicheko kikatufungua koo. Nikapiga ngoma. Vigelegele vikatoka vyenyewe, na mashangazi wa bwana harusi wakatoka mlangoni wakatupokea kwa vyao. Muadhini alikuwa bado hajaadhini alasiri.

Jumatatu nikavua bangili zangu mbili, nikampa Salum, nikamwambia nenda kalipe ya biashara. Akaenda, hakubisha, nadhani yeye alishachoka zamani kuliko mie. Tukamuita fundi rangi akaandika jina mlangoni. Herufi zilipinda, lakini Salum aliosha mlango ule kila asubuhi mpaka tulipouza gari.

Siku ya kwanza kupita njia panda tumebeba mzigo, mie nimekaa mbele kama bibi, mkono dirishani. Yule trafiki akatusimamisha. Akaangalia kikaratasi cha kioo, akaangalia mlango, akaniangalia mie.

"Mama Harusi, leo nani anaolewa?"

"Leo hakuna harusi, afande. Leo saruji."

Akacheka, akatupungia tupite. Sijawahi kulitamka neno saruji kwa raha vile.

Zuhura yupo Kunduchi mpaka leo, na wajukuu zake. Nikipiga kigelegele kwenye shughuli yoyote, ananigeukia anauliza mbele za watu, dada, hicho cha kweli au cha trafiki? Nimeshamzoea.

Hayo ndo niliyomwambia Rehema, naye kakaa anaangalia namba yake ya njano. Nami nakwambia wewe pia, mwanangu, mwenye pikapu na usiye nayo. Kama gari ni la kubebea vitu vyako na vya ndugu zako, lipia la binafsi, utembee. Kama unabeba vya watu kwa malipo, lipia la biashara, na bima yake, na leseni yake, waulize wenye kujua, mie hayo ya siku hizi siyawezi. Inauma, najua, mie iliniondolea bangili. Lakini usimwingize shangazi kwenye mzigo asioujua. Kila ukimtaja kwa uongo unapunguza yule wa kweli, na iko siku atakuwa yuko nyuma ya gari lako kweli, mgonjwa au ana harusi, na utakuwa huna neno la kumtetea.

Mungu akupe gari lisilozimika njiani, na kazi unayoweza kuitaja jina lake barabarani bila jasho. Na siku vyombo vya binti yako vitakapotangulia kwa mume, vipite njia panda mchana kweupe, vigelegele juu, na kila atakayevisikia aviamini.