Zamu Yangu Moja ya Ubao

Ilianza Jumanne, somo la kwanza la muhula, saa nne na dakika kumi asubuhi, Prof wetu wa hesabu alipoinua mfuko wake wa vifuniko vya soda. Tuko wanafunzi sitini, na kila mmoja ana kifuniko chenye namba yake. Kila somo Prof anachomoa viwili, wenye namba wanaenda kwenye ubao, kisha vifuniko vinarudi mfukoni. Mimi mbele ya watu sauti inanikimbia, kwa hiyo mfuko ule naujua kuliko vitabu vyangu.

Siku ile alitufundisha espérance, yaani thamani ya kutazamia. Vifuniko sitini, viwili kila somo, masomo thelathini katika trimestre, muhula mzima: kila mtu atazamie kuitwa mara moja, kwa wastani. "Mara moja" niliisikia vizuri. "Kwa wastani" sijui ilipita wapi.

Akachomoa. Mimi! Nilinong'onea ubao, nikavunja chaki, nikarudi kuketi nikiwa na furaha kuliko wote.

"Miye nimeshamaliza, mpaka mwisho wa trimestre," nikamwambia mwenzangu wa benchi.

"Weye uko na bahati, sha! Shiye tungali tunangojea."

Alinionea wivu kabisa. Kwa mara ya kwanza nikaipenda hesabu, na kwa kuipenda hivyo, Jumatano sikufungua daftari.

Alhamisi namba yangu ikatoka tena.

"Prof, miye nilishapita Jumanne."

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema darasani. Walicheka mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

"Mama, kifuniko iko na kichwa ya kukumbuka?" Prof akaniuliza; wasichana wote anatuita mama.

"Hapana, Prof."

"Basi kesho utaelezea benzako kosa iko wapi. Ukishindwa, nitakuita kila somo, bila mufuko."

Jioni nilikaa na kalamu. Baada ya Jumanne yalibaki masomo ishirini na tisa, maana yake vifuniko hamsini na nane vya kuchomolewa, kugawa kwa sitini. Karibu zamu nzima bado ilikuwa mbele yangu! Kilichopungua ni moja ya thelathini ya zamu, na hiyo ndiyo niliyoifurahia siku mbili.

Ijumaa asubuhi nilifika kabla darasa halijafagiwa, nikaandika maelezo yote ubaoni, neno kwa neno. Walipoingia na kuketi, niliyasoma kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nikiwa nimewapa mgongo.