Aliyempanguza Budha Vumbi

Kazi yangu katika jumba la makumbusho hapa Minneapolis ni kukiuliza kitu: wewe umetoka kwa nani? Mwaka jana kilikuwa sanamu ya Budha ya shaba, ya kubebeka kama mtoto mchanga. Hekalu moja la Nepali lilisema iliibwa kwao. Karatasi zetu zilisema tajiri mmoja wa Golden Valley aliinunua miaka mingi kabla ya wizi huo, na mwanawe, mzee sasa, aliapa ameiona rafuni tangu utotoni. Mimi sikuwaamini, lakini bila ushahidi sanamu ingebaki kwetu.

Jioni moja nilikuwa nikilalamika mezani, kwangu Champlin, mama yangu akafyonya. Alikuwa amekuja kutoka Kenya kunisaidia na watoto.

"Mwenye nyumba anajua nini kuhusu rafu yake? Tafuta aliyekuwa akipanguza vumbi."

Nilicheka, mimi na digrii zangu mbili. Kisha nikaona haya, maana nilisoma kwa sababu mama alipanguza nyumba ya watu Nairobi.

Yule mzee alimkumbuka mfanyakazi wao wa zamani. Tulimkuta katika makao ya wazee, akili timamu kabisa. Nasema tulimkuta kwa sababu mama alikataa katakata kuachwa. Nilimwonyesha bibi huyo picha, nikawa namtafsiria mama. Bibi alisema mwanzoni rafu ile ilikuwa na saa tu. Sanamu ilikuja akiwa na mimba ya kitinda mimba wake.

"Nilipoipanguza, kitambaa kilitoka chekundu," alisema. "Wiki nzima, chekundu tu. Nikadhani ni kutu."

Shaba haitoi kutu nyekundu. Ule ulikuwa unga ambao waumini wa kule huipaka sanamu wakiomba, tena ulikuwa umepakwa karibuni. Na kitinda mimba huyo alizaliwa miezi michache baada ya wizi.

Sanamu imesharudi kwao. Lakini ninachokipenda zaidi ni safari yetu ya kurudi siku ile. Tuliingia barabara kuu. Mama akasema ile nyumba ya Nairobi aliipanguza miaka kumi na minne, anajua kila kikombe kilikotoka, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Hata mimi.

Iliniuma, kwa kuwa ni kweli.

"Sasa nakuuliza, Mama."

Akaanza na sebule. Tulifika Champlin bado hatujatoka humo.