Fainali kwa Mikono ya Mafuta

Mara ya kwanza mama yangu kuniona nikining'inia alikuwa Moshi, na mimi nilikuwa Maryland. Binti yangu alimtumia video ya nusu dakika bila kuniuliza. Mama hakupiga simu kwa siku mbili, na alipopiga hakunisalimia.

"Ile suruali," alisema. "Juu yake ulivaa nini?"

"Sikuvaa kitu juu yake, mama."

"Basi ulikuwa uchi."

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wawili, mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee Silver Spring. Mchezo wenyewe Wamarekani wanauita ninja, lakini hauna mapanga wala kuficha uso. Ni njia ya vikwazo. Unavuka kutoka jukwaa moja hadi jingine kwa mikono: kwenye pete, kwenye mabomba, kwenye vibao vyembamba vya kushika kwa ncha za vidole. Chini kuna magodoro, na ukigusa godoro umetoka. Mwisho kuna ukuta mrefu uliopinda, na juu yake kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, king'ora kinalia na saa inasimama. Ndiyo hiyo tu, na mimi niliipenda kupita kiasi.

Niliingia kwa ajali. Rafiki wa binti yangu alifanyiwa sherehe ya kuzaliwa kwenye jumba la mazoezi, na akina baba wakaanza kushindana nani atakaa muda mrefu kwenye bomba. Nikavua viatu, nikajiunga nao kwa utani. Wakaanguka mmoja mmoja, nyuso nyekundu, na mimi nikawa bado nipo juu, nikiwatazama kutoka juu. Hakuna aliyekuwa ameuliza kazi yangu. Mimi huwa nainua watu. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni, wengine wana uzito unaokaribia mara mbili ya wangu, na hutakiwi kumwangusha hata mmoja. Mikono hii ilikuwa imefanya mazoezi miaka kumi na moja bila mtu yeyote kuyaita mazoezi.

Nitasema kwa nini sikuacha. Mchana kutwa mwili wangu ni wa watu. Ni wa mzee anayening'inia shingoni mwangu nimsimamishe, ni wa watoto, ni wa kanisa linalotaka nipike pilau kila kukiwa na msiba au harusi. Nikishika bomba, mwili ulikuwa wangu. Kwa dakika mbili tatu hakuna aliyeniegemea. Nilikuwa na furaha pale ambayo sijawahi kuipata kwingine, na sioni haya kuisema.

Mwaka uliofuata nilijiandikisha kwenye ligi, kundi la wanawake waliovuka arobaini, na nikafuzu kuingia fainali. Majira ya kuchipua hayo hayo mama akaja kwetu Hyattsville kwa kipaimara cha binti yangu, akakaa miezi minne. Akina mama wa ibada ya Kiswahili walimpokea vizuri, wakamkirimu, kisha wakamweka kando na kumwomba azungumze na mwanawe. Walikuwa wamechoka kunisema wenyewe.

Tulizungumza jioni moja mama akipiga pasi nguo za kanisani. Nasema tulizungumza, lakini yeye ndiye aliyezungumza. Alisema wanawake wa rika langu wanajiandaa kuwa bibi. Alisema nikivunjika mkono nani atanilisha. Alisema kikundi chake cha maombi kule nyumbani kinauliza kama ni kweli, na yeye anakosa la kujibu. Mwisho akasimamisha pasi.

"Nenda kwenye hiyo fainali," akasema. "Ukifika kwenye hicho kitufe chako, sitalisema tena. Usipofika, uache. Niahidi."

Nikamwahidi. Nilikuwa nimechoka, na zaidi ya hapo nilijua nitafika. Kwenye mazoezi nilikuwa nimekibonyeza kitufe kile mara nyingi tu. Niliona nampa ahadi rahisi.

Jumamosi ya fainali tuliondoka wanne kwenye gari: mimi, mama, binti yangu, na rafiki yangu Mkenya, muuguzi, ambaye huongea kwa sauti ya kuamsha wodi nzima. Fainali ilikuwa kwenye jumba kubwa upande wa pili wa Alexandria. Mama alivaa kitenge cha kwendea ibada, na kilemba, na kati ya wale watu waliovaa kaptula alikuwa amependeza kuliko wote. Aliketi mstari wa mbele na mkoba mapajani. Mwamuzi alitukumbusha kanuni: kila mshindani anapewa nafasi mbili, na ile iliyo nzuri zaidi ndiyo inayohesabiwa.

Nilipasha misuli, nikapaka mikono chaki, ule unga mweupe unaokausha jasho. Walikuwa wamebaki wawili kabla yangu mama aliposimama na kuniita kwa kidole.

"Njoo hapa. Piga magoti."

"Mama, hapa?"

"Kwani hapa Mungu hayupo?"

Nikapiga magoti. Akafungua mkoba, akatoa chupa ndogo, na kabla hajafungua kifuniko nilishajua ni nini. Mafuta ya upako. Kikundi chake kilikuwa kimeyaombea kwa kufunga siku tatu, na yeye alikuwa ameyabeba kutoka Moshi katikati ya khanga zake. Alikuwa ameyatunza miezi yote ile, hakumpaka mtu. Akanipaka kwenye paji la uso. Kisha akashika viganja vyangu, akaifuta ile chaki kwa ncha ya kitenge chake kama uchafu wa mtoto, akamimina, akasugua. Kila kidole. Alikuwa akiomba, macho amefumba, sauti ya chini, akimwomba Mungu aishike mikono hii kama alivyoiumba. Yaliyobaki akanipaka kwenye viwiko, akafumbua jicho moja. "Umepauka," akasema.

Kila mtu aliyewahi kushika bomba anajua mafuta ni nini kwake. Nami nilijua. Ningeweza kuvuta mikono. Lakini kwetu mama akikuombea huvuti mkono, na isitoshe, ilikuwa mara ya kwanza kunitakia heri katika jambo hili. Nilikuwa nimeingoja baraka ile kwa mwaka mzima, na nilikuwa nimeitaka mno. Nikasema amina.

Rafiki yangu alishika kichwa. "Weh! Hiyo ni oil, dada! Na rings ziko hapo mbele tu! Wacha nikuletee tissue."

"Acha," nikamwambia. Jina langu lilikuwa linaitwa tayari. Nilitumbukiza mikono kwenye chaki, ikawa uji.

Mabomba ya mwanzo nilivuka kwa sababu ni manene na ya karibu karibu. Kwenye pete ya pili nilihisi kidole cha mwisho kinateleza, halafu cha pembeni yake, polepole, na hakuna nilichoweza kufanya isipokuwa kuvitazama. Nikaanguka chali kwenye godoro. Watu wakapiga yale makofi ya kumhurumia mtu, ambayo siyapendi.

Nilirudi nikamkuta mama amesimama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na utulivu ambao uliniumiza kuliko hasira.

"Basi, mwanangu," akasema. "Mungu amejibu."

Sijui kama niliwahi kupandwa na hasira ya namna ile. Mchana ule, kwenye jumba lile lenye harufu ya raba na jasho, niliona maisha yangu yote ya kunyamaza yakija juu kama maziwa yanayochemka. Niliacha shule ya ualimu kwa sababu Mungu alikuwa amejibu. Niliolewa mwezi huu badala ya ule kwa sababu Mungu alikuwa amejibu. Na siku zote jibu lilipita kwanza kinywani mwa mama.

"Siyo Mungu, mama," nikasema. "Ni mafuta."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Pengine nilikuwa nimemtukana.

"Mom, just wash it off," binti yangu akasema, naye alikuwa analia. Anaelewa kila neno la Kiswahili, ila hasira na machozi humtoka kwa Kiingereza.

Pembeni ya jumba palikuwa na sinki la wazi, ambapo washindani hunawa chaki. Pale mstari wa mbele mama angeweza kuliona vizuri kabisa. Ningeweza kwenda chooni nikafunga mlango, na hadi leo asingejua. Nilifikiria hilo. Kisha nikaenda kwenye sinki lile la wazi, nikabonyeza sabuni ya vyombo mara tatu, nikaanza kusugua.

Akanifuata. "Unaosha upako?"

"Ninaosha, mama."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Nilisugua viganja, katikati ya vidole, viwiko. Maji yalipita na povu likaenda, naye alisimama hapo hapo akitazama hadi nilipofunga bomba. Kwenye paji la uso sikugusa. Sikuwa na ugomvi na Mungu, na paji la uso halishiki pete.

Nafasi ya pili nilivuka mabomba, nikavuka pete zote tano. Nilivuka vibao vya ncha za vidole, ambavyo viliwatoa wanawake watatu kabla yangu. Nilisikia rafiki yangu akipiga kelele "Songa! Songa! Usiangalie chini!" na sikuangalia chini. Nikafika kwenye ukuta. Ukuta una majaribio matatu. La kwanza nilikimbia, nikapungukiwa. La pili nilifika ukingoni kwa vidole vinne vya mkono wa kulia, nikaning'inia hapo, na kitufe kilikuwa juu yangu, chekundu, karibu kiasi kwamba niliona mikwaruzo yake. Nilijivuta. Mikono iliyokuwa imeinua watu miaka kumi na moja ilikataa kuniinua mimi. Nikateleza hadi chini. La tatu miguu haikuwa na kitu tena.

Nilikuwa wa nne kati ya saba. King'ora hakikulia.

Rafiki yangu alinikumbatia, akaninong'oneza, "Sema tu ni ile oil. Ilikuwa imeingia kwa ngozi. Hakuna mtu atabisha."

Nilikuwa na kishawishi, sitaki kudanganya. Kingekuwa kisingizio kizuri, na mama angelazimika kukikubali mbele ya watu. Lakini mikono yangu ilikuwa safi. Nilikuwa nimeisafisha mwenyewe. Kwenye ukuta niliangushwa na ukuta.

Njiani kurudi tulikwama kwenye foleni ya daraja la Potomac, mama akiwa amekumbatia mkoba wake. Jumapili tulikwenda kanisani, akina mama wakaniuliza habari, na mama akawajibu kwa niaba yangu kwamba yale mambo yameisha, nilimpa ahadi. Wakamshukuru Mungu. Mmoja akanipigapiga bega. Sikusema kitu pale, na hilo linaniudhi hadi sasa, kwa sababu walidhani nimekubali.

Jumanne, saa kumi na moja jioni, nilivaa nguo za mazoezi, nikachukua funguo. Mama alikuwa jikoni akichambua mchicha.

"Unakwenda wapi?"

"Mazoezini."

Akaacha mchicha. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi, mama. Na ahadi ninaivunja."

"Utasema ni mafuta yangu."

"Hapana. Mara ya pili nilianguka mwenyewe. Ulichosema ndicho kilichotokea, sikufika. Ila siachi."

Katika maisha yangu nilikuwa nimeshamdanganya mama mara nyingi ili nisimkatalie. Ningeweza kumwambia nimeitwa zamu ya jioni. Angeamini, angeniombea njiani, na angerudi Moshi na amani aliyoitaka. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na neno "samahani" likiwa limefika mdomoni, nikalimeza. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, na sikuwahi kabla ya siku ile kumwambia mama yangu hapana, kisha nikanyamaza bila kuongeza kitu.

"Na ukianguka tena?" akauliza.

"Nitaanguka."

Akarudi kwenye mchicha wake. Alivunja kikonyo kimoja, akakitupa, akavunja kingine. Nilidhani tumemaliza, nikageuka.

"Utakula ukirudi?"

"Nitakula," nikasema, nikatoka nikafunga mlango.